Mchanga Mtupu

Punta Cayuco, 9 Machi

Mwanangu Teófilo,

Salamu nyingi. Hatujambo, isipokuwa jino langu, na ndilo lililonipeleka mjini Tela. Wewe na baridi ya Bronx mnaendeleaje?

Kwa daktari wa meno nikaona ukutani picha kubwa iliyochapwa kwenye kitambaa, imewambwa kwenye mbao, jina lako chini. Ufukwe wetu! Nikawatangazia wagonjwa wote, "Huyu mwanangu, nimemzaa mimi!" Kisha nikatafuta nyumba yangu. Haipo. Mitumbwi haipo. Nyumba ya wahenga, tunamowapikia marehemu wetu, haipo! Mchanga mtupu na minazi. Dada mmoja akaniuliza, "Kwani mama, nyie mnaishi juu ya mnazi?" Wakacheka, na mimi mdomo umejaa pamba.

Umetupeleka wapi, Teófilo?

Mama yako


Bronx, 2 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole kwa jino. Mimi mzima.

Usikasirike bure, mama. Watu wa huku wananunua picha ya kutundika juu ya kochi, wapumzishe macho. Wakiona mchanga mtupu wanajiona wenyewe wamelala pale. Kwa hiyo nyumba na watu nawafuta kwenye kompyuta. Si bado mpo? Ni pambo tu.

Mwanao


Punta Cayuco, 20 Mei

Teófilo,

Sisi wazima, wewe sijui.

Pambo lako liko mahakamani. Tajiri mmoja anataka ufukwe ajenge hoteli, na wakili wake ametoa picha yako kuonyesha kwamba hapa hapakuwa na mtu, sisi tumevamia juzi. Juzi! Kitovu chako kimezikwa wapi?

Lete picha ya kwanza, ile ambayo hujaichezea. Uje nayo mwenyewe, umweleze hakimu ulichofanya. Kesi ni mwisho wa Juni. Tukishindwa, tunafukuzwa, na nyumba ya wahenga inavunjwa wajenge baa.

Mama


Bronx, 11 Juni

Mama,

Shikamoo. Poleni sana. Picha hiyo hapa ndani ya bahasha. Kuja siwezi. Nikisimama mahakamani niseme picha zangu za uongo, nani atanunua tena? Jina hili nimelihangaikia miaka. Tafadhali usinitaje.

Mwanao


Punta Cayuco, 3 Julai

Teófilo,

Nakuuliza afya yako kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa.

Wakili aliziangalia picha zote mbili, akacheka. "Mheshimiwa, kijana kazibandika hizi nyumba amfurahishe mama yake." Hakimu akanigeukia. "Mama, zote za mwanao. Ipi ya uongo?" Kijiji kizima kilikuwa nyuma yangu, hata mwalimu wako wa darasa la kwanza. Nikautazama mlango, labda utaingia. Kweli nilikusubiri, mjinga mimi.

Nikasema, "Ile nzuri. Mwanangu Teófilo alidanganya." Nikalisema hilo kwa sauti, karani aandike.

Hakimu akaja kujionea. Akazishika nguzo za nyumba ya wahenga, zilizoiva kwa moshi tangu enzi za bibi yako. Tumeshinda. Wanawake walipiga ngoma hadi asubuhi, wakaniita nikacheze. Sikwenda. Nilijifungia ndani nikalia kwa hasira, maana siku nzima nilipewa mkono wa pongezi kwa kumwaibisha mtoto wangu wa kuzaa.

Usiniandikie tena habari za biashara. Njoo. Shuka kwenye basi mchana, upite katikati ya kijiji, kila mtu akuone.

Ni mimi, mama yako hata sasa