Waliufunga Mwanya Wako

Mama Noella, dada yangu,

Wamekurudisha. Jumatatu asubuhi nilishuka treni pale mjini, nikainua macho, nikakukuta ukutani, mrefu kuniliko, umevaa lile gauni la kijani na glavu mpaka viwikoni. Duka lenu kubwa limeamua kurudia tangazo lake la zamani. Chini ya miguu yako wameandika kwamba umaridadi hauzeeki. Nikakaa kwenye benchi, Sifa, na treni yangu ya pili ikaenda bila mimi.

Unakumbuka siku ya picha? Ulikuwa unapanga nguo kwenye idara ya wanawake. Wakubwa wako walikuwa wamefukua matangazo yao ya miaka ya hamsini, yale ya kuchorwa kwa mkono: mabibi wenye viuno vya nyigu, videvu juu, hakuna hata mmoja anayeonekana amewahi kubeba mfuko wa viazi. Wakataka kuyapiga upya, safari hii na wafanyakazi wao, ndani ya nguo halisi za enzi hizo. Jina la mshonaji wa gauni lako walilitamka kwa sauti ya chini utadhani wako kanisani. Ukaniomba nije nikushikie Noella, alikuwa bado ananyonya.

Zipu ilikataa katikati ya mgongo. Wakakubana nyuma kwa vibanio vya plastiki, ukawa unavuta pumzi nusunusu. Ukalivuta gauni, ukaninong'oneza, "Mukenya, iyi robe inanuka mutu." Nikanusa kwapani. Kweli, chini ya manukato kulikuwa na jasho la mwanamke fulani, limelala humo tangu enzi zake. "Bamama ba zamani banakulaka nini?" ukauliza, kisha ukacheka mdomo wazi, na mpiga picha akabofya.

Kicheko hicho ndicho kilichoko ukutani. Ila mwanya haupo.

Mtu alikaa mbele ya kompyuta, kikombe cha kahawa pembeni, akautazama mwanya wako akaona kasoro. Akauziba, kama alivyoficha vibanio. Hakuuliza mtu. Walitafuta uso mweusi ili watuonyeshe kwamba siku hizi kila mwanamke anakaribishwa dukani mwao, na walipoupata wakaufanyia marekebisho. Ptuu! Nachukia hata rangi ya lile gauni. Mwanya huo kwetu na kwenu ni uzuri ambao watu wanautamani, na wewe ulikuwa ukijigamba kwamba Baba Noella alianguka humo ndani na hajatoka mpaka leo.

Wewe ulipoliona tangazo ulicheka tu. Ukawaambia watu wa kanisa kwamba yule ni binamu yako mwenye pesa. Mimi ndiye niliyekasirika, nawe ukaniambia nitazeeka mapema.

Halafu ukaanguka jikoni, na hukuamka. Duka likaleta maua, na hiyo picha, kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu, eti kukuenzi. Siku ya mazishi iliwekwa kando ya jeneza pale kanisani Spånga, watu wakalia na kusema unafanana na malkia. Hakukuwa na nyingine ya kicheko ya kuweka. Ninyi watu wa Bukavu mkipigwa picha mnakaza uso kama mko kituo cha polisi, na katika zako zote umefumba mdomo. Meno yako yako kwenye picha moja tu, nayo ni ya uongo.

Sasa inaning'inia juu ya kochi lenu pale nyumbani Hjulsta. Chini yake Noella amekua. Meno ya mbele ya utu uzima yameota, na katikati yake, Sifa, kuna mwanya wako, wako kabisa! Nilipouona nilipiga vigelegele mlangoni hadi jirani akafungua.

Mtoto akaziba mdomo kwa mkono. Anataka vyuma vya meno. "Jag vill se ut som mamma," aliniambia kwa lugha ya huku ugenini, kwamba anataka afanane na mama yake. Akaionyesha ile fremu kwa kidole. Baba yake hajui kumnyima kitu tangu uondoke, na alikuwa ameshaweka miadi kwa daktari.

Watu wa duka hawakutosheka na mdomo wako, wameufikia na wa mwanao. Nikamweleza kwamba mama yake alikuwa na mwanya kama huo huo. Akatazama picha, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Hapana, Tantine. Angalia." Nikaangalia. Nitashindana vipi na picha ndefu kuliko mtoto? Baba yake aliinamia simu yake, macho yamemjaa maji.

Jumamosi nikamchukua Noella tukatembea. Tulipokuwa tunarudi, chini ya ghorofa yenu, nikakumbuka ulivyokuwa ukimwita kutoka kwenye baraza: mluzi wako wa kupanda na kushuka, uliopitia kwenye mwanya. Akina mama wa kanisa walikukemea, eti mwanamke hapigi mluzi. Wewe ukawa unapiga hata kwenye ngazi za kanisa.

Nikamwambia Noella aweke ulimi nyuma ya meno, apulize. Ikatoka hewa na mate. Tukacheka. Akajaribu tena, na tena, na ghafla ukatoka, Sifa, ule ule, unapanda na kushuka, na mimi sikuwa nimemwambia uendeje.

Akasimama kama aliyeitwa. "Det är mamma," akasema. Huyo ni mama.

Mlango wa baraza ukafunguka kwa kishindo. Baba Noella alitoka kifua wazi, taulo la vyombo begani, akainama kwenye ukingo akitafuta huku na huku kule chini. Alipomwona mtoto, alikalia sakafu pale pale kwenye baridi. Jioni hiyo fremu ilishushwa, na Jumatatu iliyofuata akapiga simu mwenyewe kufuta miadi.

Picha ya ukutani kule mjini bado ipo, sina ngazi ya kuifikia. Naipita nikiwa nimenuna, kama ulivyosema, nazeeka. Lakini nakuahidi, dada: hakuna mtu atakayeutengeneza mdomo wa mtoto huyu nikiwa hai, na akina mama wa kanisa watauzoea ule mluzi. Pumzika sasa. Ukiusikia huko uliko usikimbilie kwenye baraza, tunakusalimia tu.

Mukenya wako