Kwa Daktari Aliyenipasua Shingo Bila Kunitia Damu

Mpendwa Daktari wangu,

Tangu uhamishiwe bara sijapata kukueleza yaliyo moyoni. Siku uliyoondoka ulikuwa na haraka ya gari, na mimi nilikuwa nalia, tukaagana kwa kupeana mikono tu. Sasa naandika, na barua hii naiacha wazi ili na wengine waisome.

Unakumbuka nilivyoingia kwako? Uvimbe wa tezi ulikuwa umekua shingoni hata nikilala chali pumzi inakatika. Mahakamani hapa Malindi, ninakowafasiria Wagiriama maneno ya hakimu na hakimu maneno yao, sauti ilikuwa inanikimbia katikati ya sentensi. Kwingine nilikokwenda niliambiwa kwa upole kwamba shingo ina mishipa mingi, na mtu anayekataa kutiwa damu hapasuliwi. Imani yangu hainiruhusu damu ya mtu mwingine. Nilikwisha kukata shauri nirudi nyumbani Muyeye nikangoje siku yangu.

Wewe hukunibishia. Ulivuta kiti ukaniuliza ninakubali nini na ninakataa nini, kimoja kimoja, ukasikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema, "Bi Kadzo, kama hatutaongeza damu, basi kazi yangu ni kuhakikisha haipotei."

Siku niliyomleta mama yangu kutoka Kaloleni ndiyo isiyonitoka. Kiswahili chake ni cha sokoni tu, wewe Kigiriama hukijui, na mkalimani chumbani alikuwa mimi mwenyewe. Mama aliuliza swali lake, nikageuka nikakwambia, "Anauliza kama nitafia mezani." Ulinitazama, kisha ukamtazama yeye, ukajibu kwamba hatari ipo, na kwamba hata damu ikikataa kusimama, hutaivunja ahadi uliyonipa ya kutonitia damu. Nilimfasiria bila kupunguza neno. Hapo mama, ambaye si wa imani yangu, akapandisha mkono wa gauni lake hadi begani.

"Mwambie achukue yangu," alisema.

Nilikufasiria na hilo, Daktari. Uliinuka, ukaushika mkono wake kwa mikono yako miwili, ukaniomba nimwambie kwamba damu yake alikwisha kunipa siku aliyonizaa, na ni hiyohiyo utakayoitunza. Mama akalia kidogo, akashusha mkono wa gauni, akakuruhusu.

Wiki zilizofuata ulinimezesha vidonge vya madini ya chuma na kunidunga sindano za kuusaidia mwili utengeneze damu yake, mpaka nikazichoka. Ulinikataza dawa za maumivu ya goti kwa sababu, ulisema, zinafanya damu isigande upesi. Hata damu ya kupima mliichukua kwa vichupa vya watoto wachanga. Asubuhi ya upasuaji mlikiinua kichwa cha kitanda ili damu isijae shingoni. Mengine nilisimuliwa na muuguzi: kwamba kila mshipa uliufunga kwanza ndipo ukaukata, taratibu, na ile midogo ukaichoma kwa kisu cha umeme mpaka ikaziba, na kwamba neva inayoendesha sauti uliipita polepole bila kuigusa.

Nilipozinduka, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wako. Ulinitaka nikutajie jina langu.

"Kadzo," nikasema.

Lilitoka kwa kukwaruza, lakini lilitoka. Ukacheka huku unafuta macho, ukaniambia damu yote iliyopotea haijazi hata kikombe cha kahawa. Mama alipopewa habari huko nje alipiga vigelegele hata mlinzi wa getini akaja kuuliza kuna harusi ya nani.

Leo napumua nikilala vyovyote nitakavyo, na mahakamani sauti yangu inafika benchi la nyuma kabisa. Lakini jambo hasa nililotaka ulijue ni hili. Miezi miwili iliyopita nilipigiwa simu kutoka hospitali. Alikuwa amekuja mzee mmoja wa Ganze mwenye uvimbe chini ya taya, naye hataki damu. Wale madaktari vijana uliowafundisha hawakumrudisha nyumbani. Walichokosa ni mkalimani tu, nikaenda. Mzee aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kutoka salama katika jambo kama hili. Mkalimani hatakiwi kujibu, kazi yake ni kufasiri. Mimi nilishusha mtandio, nikamwonyesha kovu langu, nikamjibu.

Walimpasua bila kumtia damu, na jana alitoka wodini kwa miguu yake, mkewe akimkemea apunguze mwendo.

Basi huko uliko, unapoosha mikono kabla ya kuingia kazini, jua kwamba Malindi wamebaki watu wanaoifanya kazi yako, na wengine tunaokutaja tukiwa hai. Mama anakusalimu sana. Mungu akutunze.

Ni mimi, mgonjwa wako na mkalimani wako,
Kadzo