Kona ya Jiwe la Mama

Kitengela,
Kaunti ya Kajiado.
Jumatatu, 12 Agosti 2024.

Mpendwa dada yangu Nthenya,

Nakusalimu huko Muscat uliko. Joto limepungua? Na mgongo, umeacha kukusumbua? Sisi huku tu wazima, ila baridi imetukalia na vumbi la malori halipumziki. Baba anakula, anatembea, anagombana na redio yake. Kifua chake kiko vile vile ulivyokiacha.

Barua hii nimempa Purity akuletee, maana likizo yake imeisha na anarudi huko Alhamisi. Ningeweza kupiga simu, lakini najijua: ungelia kidogo tu nami ningekudanganya. Isome yote kabla hujaona picha ambazo mke wangu Jackie atakutumia Jumamosi, tukishafanya maombi ya mwaka mmoja kaburini.

Nthenya, jiwe la Mama limevunjika. Si lote. Aliyelivunja ni mimi.

Najua ulivyolihangaikia. Hukuja kumzika Mama kwa sababu mwajiri alikunyima ruhusa, ukasema hilo jiwe ndilo litakalokuja badala yako. Graniti nyeusi uliichagua wewe, maneno uliyachagua wewe, na pale chini uliomba majina ya watoto wake, langu kushoto, lako kulia. Fundi wa herufi aliyasogeza karibu mno na ukingo, lakini yalipendeza.

Kosa langu lilikuwa la kipimo. Nilipima nafasi ya kulaza jiwe kabla sijabandika vigae kwenye kingo za kaburi. Mimi huyu, ambaye kila siku nawafokea wateja wasipime mpaka vigae vikauke. Vigae na gundi vikala nusu inchi kila upande; upana ulibakiza nafasi, lakini jiwe lilipokuja likawa refu kwa inchi nzima. Kung'oa vigae kungebomoa ukingo, na juu kulikuwa na msalaba uliochongwa hadi mwisho. Ikabaki kukata chini, hapo kwenye majina yetu.

Ijumaa asubuhi nikalilaza juu ya mchanga ili lisining'inie popote, nikachora mstari, nikafunga diski mpya kwenye grenda. Baba akatoka na kiti chake. Daktari alimkataza vumbi la mawe, na ile miaka thelathini ya kuchonga mawe ya ujenzi kwenye kwari, yale machimbo ya Kiserian, inamtosha. Lakini nilikuwa nakata na maji, nikamwachia jagi awe anamwagia.

Kabla sijawasha, akaligonga jiwe kwa kifundo cha kidole, kuanzia kushoto. Lilikuwa likitoa sauti safi. Alipofika kona ya kulia, kona yako, sauti ikafa.

“Hapa kuna ufa,” akasema. “Huwezi ona, lakini iko. Hii kona usikate na mashini, itatingisha. Leta tindo yangu na nyundo, tuende polepole.”

“Baba, hizo ni mambo ya kwari. Hii diski ni ya almasi.”

“Sawa. Wewe ndio fundi.”

Hiyo “sawa” yake unaijua. Nilikasirika. Miaka kumi na miwili nabandika vigae katika nyumba za watu, na bado mbele yake mimi ni mtu wa kubeba ndoo. Nikawasha.

Nilianza kushoto bila kukandamiza, diski ikila kidogo kidogo, nikiurudia mstari uleule. Nikapita jina langu. Maji yalitiririka meusi, Baba akizidi kuyamwaga. Nilipofika chini ya jina lako nikahisi jiwe limelegea. Nikazima, lakini lilikuwa limeshaachia. Kona nzima, ukubwa wa viganja viwili, ikabaki kwenye mchanga na jina lako lote.

Nilingoja anitukane, na niliogopa kumtazama. Aliinama, akaiokota, akaiosha kwa maji yaliyobaki, akaipangusa kwa shati lake. Kisha akaileta tindo yake ya zamani, akakaa chini na kukimalizia kile kipande kwa mkono, anagonga, anageuza, anagonga, kwa muda wa saa mbili hivi. Ukingo wake ulitoka umenyooka kuliko wangu wa mashini.

Jioni jiwe likalala mahali pake barabara. Nikakoroga gundi niiunganishe kona. Baba akanishika mkono.

“Hiyo wacha. Mwenyewe atakuja kuweka.”

Nikamwambia Jumamosi watu watauliza. Akasema wacha waulize. Kwa hivyo kwenye picha utaona pengo upande wa kulia. Usidhani tumekusahau. Kona yako iko sandukuni mwake, imefungwa kwa leso ya Mama, na kila asubuhi ananiuliza Desemba ya kurudi kwako imebaki siku ngapi. Nami najua unafikiria kuongeza mkataba miaka miwili. Nimeogopa kumwambia.

Nisamehe, dada. Ningemsikiliza, jina lako lingekuwa pale leo.

Jackie anakusalimu sana, na shangazi Evalyne wa Entarara anasema anakuombea kila Jumapili. Mungu akulinde katika kazi ya watu na akurudishe kwetu mzima.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikikosea,
Ndambuki.

N.B. Nimekuwekea mfuko mpya wa gundi, haujafunguliwa. Ukikaa zaidi ya miezi sita huganda.