Mapigo Ishirini ya Kwanza

Ijumaa, Meru. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi, lakini leo hata mvua ya mawe ingeninyeshea ningecheka tu.

Leo nimekiri mbele ya idara nzima kwamba nilikosea, na sijawahi kujivunia kitu hivi.

Kazi yangu ya uzamili ni hii: naweka kipande cha shaba ndani ya chombo kilichotolewa hewa, nakipiga kwa mwali wa leza, pigo moja fupi sana. Shaba inachomoka, na chembe zenye chaji, ayoni, zinaruka hadi kwenye kipokezi upande wa pili. Napima zimechukua muda gani kufika. Muda unanipa kasi. Kasi na uzito vinanipa nishati. Ni hayo tu, miaka miwili sasa.

Tatizo lilikuwa kinundu kidogo kwenye mchoro wa muda huo. Kabla ya kundi kubwa la ayoni kufika, kulikuwa na nyingine zilizotangulia mbio. Nilipopiga hesabu nikapata nishati ya kutisha, kubwa mno kwa leza ndogo kama yetu. Nikafurahi! Nilishajiona kwenye majarida. Daktari, msimamizi wangu, aliandika alama moja tu ya kuuliza kando ya mchoro. Akaniambia nisipoeleza kinundu hicho kufikia Ijumaa hii, sura nzima ya tasnifu itoke, na mashine iende kwa mwanafunzi mwingine.

Nilimkasirikia. Mimi ni mtu makini, jamani. Baada ya kila pigo nilikuwa nazungusha shaba ili leza iguse mahali papya, pasipo na shimo. Nani mwingine ana subira hiyo?

Jumamosi nilienda nyumbani Nkubu nimenuna. Jumapili alfajiri nikamshikia Mama ndoo. Aliosha chuchu za ng'ombe, halafu maziwa ya kwanza ya kila chuchu akayamwaga chini, kama anavyofanya tangu nizaliwe. Nikamuuliza, kwa ukali usio na sababu, mbona anayapoteza.

"Hiyo ya kwanza iko na uchafu," akasema. "Ukichanganya, watu wa dairy watarudisha yote. Si hata wewe unajua, Kendi?"

Nilijua. Ndiyo maana nilibaki nimeduwaa na ndoo mkononi.

Kila mahali papya ni mahali pachafu. Shaba ikikaa hewani inashika unyevu, mafuta ya vidole, takataka zisizoonekana, na pigo la kwanza linang'oa hizo. Zilizotangulia mbio hazikuwa shaba. Huenda zilikuwa haidrojeni, nyepesi kabisa, nami nilizipigia hesabu kwa uzito wa shaba. Kwa umakini wangu wote, nilikuwa nakusanya maziwa ya kwanza tu.

Jumatatu nilipiga mahali pamoja mara ishirini bila kurekodi chochote. Pigo la ishirini na moja nikarekodi. Kinundu hakipo. Nikasogeza shaba, kikarudi. Nikapiga tena ishirini, kikaisha. Kundi kubwa, ayoni za shaba zenyewe, halikuhama mahali pake hata mara moja.

Nililia kidogo. Hakukuwa na mtu maabarani.

Leo nimeonyesha michoro yote, hata ile ya aibu. Daktari akaitazama mmoja baada ya mwingine, kisha akasema, "Ile nishati yako kubwa umeiua mwenyewe, Kendi. Lakini hii iliyobaki, nitaiwekea sahihi."

Mwalimu mmoja akauliza njia ya kutupa mapigo ya kwanza nimeisoma wapi. Ningeweza kutaja vitabu, maana baadaye nilikuta wenzetu wengi hufanya hivyo. Nikasema nimefundishwa na mama yangu, zizini. Wakacheka. Mimi sikucheka, na Daktari pia hakucheka.

Jioni nimempigia Mama simu, nimemwambia nafika nyumbani usiku huu, na kesho alale hadi jua litoke. Ng'ombe nitakamua mimi.