Bwana Harusi wa Mwali Wangu ni Mume wa Shoga Yangu

Mpendwa Mama Mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni mjane hapa Kitwe, ni kungwi, nafunda mabinti wanaoolewa, na mwezi huu nililetewa mwali anaitwa Nsofwa, nikampokea bila kuuliza bwana ni nani, nikaambiwa tu ni mwanamume aliyefiwa na mke, yuko mgodini Solwezi, basi nikaendelea na ngoma zangu. Juzi tumejifungia chumbani mwali akanionyesha picha kwenye simu, "Bana Mwaba," yaani Mama Mwaba, ndiye mimi, "mwone baba wa watu, si mzuri?" na mimi nikamwona Ba Kapembwa, mume wa shoga yangu Bana Chilufya, kavaa sweta alilofumiwa na mkewe, na mkewe hajafa wala haumwi, asubuhi ile ile alikuwa jikoni kwangu anacheka.

Huyu Bana Chilufya, mume wangu alipofariki na shemeji zangu wakaja na lori kubeba vyombo, ndiye aliyekaa kizingitini kwangu akawaambia, "Nikanyageni mimi kwanza," wakarudi walivyokuja. Sasa naye kaalikwa kichen pati ya mwali, kitenge cha sare kashashona, kila jioni anafanya mazoezi sebuleni, "Shoga, Jumamosi nitawaonyesha vijana kiuno!" na unajua kwetu bwana harusi huja mwishoni na maua mkononi, wanawake wote wakimtazama. Lakini ya chumba cha mwali hayatoki nje, nimeapa, kungwi mkuu Bana Musonda atanivua ukungwi, na nani ataniletea mwali tena? Nifanyeje?

Kungwi Mwenye Hofu

Pole, Kungwi. Ipokee haraka, maana nina ugomvi na wewe. Tangu lini kungwi akampokea mwali bila kumjua bwana? Ulikimbilia ngoma, mama. Na usijifiche nyuma ya kiapo. Miiko ya chumba ipo kumlinda mwali, na huyo Nsofwa wako anaolewa na mtu aliyemzika mke mzima kwa mdomo. Unamlinda nani hapo?

Kesho nenda kwa Bana Musonda, umweleze yote, mwende pamoja kwa mama wa mwali. Akikuvua ukungwi, vuliwa. Lakini leo, kabla jua halijazama, nenda kwa shoga yako. Usipige simu, usimtume mama wa kanisani. Hakikisha mko wawili tu, na usianze na habari za "watu wanasema." Mwambie, "Nimemwona Ba Kapembwa kwenye simu ya mwali wangu. Ndiye bwana harusi." Halafu funga mdomo. Abaki naye au amwache, hilo ni lake, usimfunde.

Atakutukana. Atasema unamwonea wivu kwa sababu wewe huna mume. Itauma sana, najua, lakini usimjibu. Akikufukuza, toka ndani, ila usirudi kwako. Kaa kizingitini kwake mpaka afungue mlango. Yeye kwako alikaa.