Gomesi Iliyokwenda kwa Naswiba

Mpendwa Shangazi Yunia, naomba msaada kabla ndugu za mchumba wangu hawajanifikia, maana mimi natengeneza programu za simu hapa Kasese na niliwapa waendesha boda programu ya kupokea mizigo kwa SMS, unaandika PELEKA, mzigo, mji, na ukipenda jina la mpokeaji, na kisomaji cha ujumbe sikukiandika kwa mkono, kuna programu unaipa kanuni za sentensi nayo inakutolea kisomaji, sasa shida ni hilo jina la hiari, wafanyabiashara wetu hawaliandiki, wanaona boda anajua chumvi ya Kabatoro inashushwa kwa nani, na kisomaji kikikosa jina kilikuwa kinagoma, basi wakati wa majaribio nikaweka kwenye kanuni kwamba jina likikosekana kijaze Naswiba wa Bwera, ambaye tulikuwa wapenzi wakati huo, kikaacha kugoma nami nikasahau, mwaka ukapita, sasa nimemchumbia Kulusum, wa Bwera huko huko, na wiki jana mama yangu akatuma PELEKA GOMESI BWERA, gauni la sherehe la kumpa Kulusum, bila jina, kwani nani asiyejua mwanawe anaoa wapi, na Mubarak, boda mgeni, akaamini jina la Naswiba kwenye simu yake, akampelekea.

Naswiba akanipigia: "Ambia mama aksanti, imenikaa muzuri!" Kulusum naye: "Gomesi yangu inavaliwa na mutu mwingine, na weye uko kimya?" Nikilifanya jina kuwa lazima wafanyabiashara watanikimbia. Nifanyeje?

Abdunoor, Kasese

Abdunoor, pole, ila nimecheka mpaka nikapaliwa na chai. Unafundisha mashine kusoma, halafu unaiachia ikuchagulie mke!

Sikiliza. Hiari maana yake mtu anaweza kunyamaza, na aliyenyamaza hajasema Naswiba. Weka njia mbili kwenye kanuni zako, moja yenye jina, nyingine isiyo nalo. Ikitumika ya pili, kisomaji kiseme tu kwamba jina halipo, kisibuni. Programu yako ndiyo imrudishie mtumaji SMS: "Kwa nani?" Mama yako angejibu papo hapo, tena kwa herufi kubwa.

Gomesi usiidai, imeshavaliwa. Naswiba mwambie ukweli leo, maana naye ana moyo na umempa matumaini ya bure. Kisha nunua nyingine, panda boda mwenyewe, ukampe Kulusum mkononi na kuomba msamaha.

Ona sasa, na mimi nimejaza jina la Kulusum! Barua ndefu yote hiyo, umeeleza nani kavaa nini, hukuandika popote unampenda yupi. Na jina la majaribio, kijana wangu, hufutwa majaribio yakiisha. Wewe uliliacha mwaka mzima. Kwa hiyo kabla hujapanda hiyo boda, nijibu: kwa nani?