Piko na Kamera ya Meza ya Tatu

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kinyaa. Sina neno jingine.

Leo mashine yangu haikumwona Mama Zuena, kibarua wa meza ya tatu hapa kiwandani. Yangu, ndiyo, nimeijenga mwenyewe miezi kumi na minne. Kamera inatazama meza, mkono wa chuma unachambua korosho, mkono wa mtu ukiingia kila kitu kinasimama. Basi Mama Zuena kaingiza wake kuokota punje. Taa ikabaki kijani! Chuma kikashuka vilevile. Kauchomoa mwenyewe, ukucha mmoja umepasuka. Jumamosi alikuwa anamuozesha Zuena, kwa hiyo mikono imejaa piko, maua meusi mpaka kwenye viwiko. Eti nisijali, mwanangu, ni ukucha tu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimefungua picha nilizoifundishia kamera. Mikono elfu nne. Ya nani? Ya kwaya yetu ya Segerea. Walutheri watupu, niliwapiga picha baada ya mazoezi kwa sababu walikuwa karibu na mie mvivu. Hina hakuna, piko hakuna, hata mkono mmoja. Miaka sita niko Dar, kiwanda kimejaa wanawake wa Temeke wanaopambwaga kila harusi, mie nikapiga picha wasoprano. Halafu najiita injinia wa roboti. Upuuzi mtupu.

Nimemwambia Wilbert, meneja wa mradi: nipe wiki tatu nikusanye picha mpya. Hataki. Ijumaa wanakuja wageni wanaotaka kununua mashine. Wenye piko wavae glavu, anasema. Nikamwonyesha kuwa glavu nazo kamera haizioni. Basi wakae nyumbani mpaka piko ifutike, anasema. Wiki mbili bila kazi, vibarua wale! Anaongea huku anaokota korosho mezani na kutafuna, makombo yananirukia shavuni.

Jumatano, 17 Septemba

Fomu ya usalama, inayosema mashine inasimama kila mkono wa mtu ukiingia, inataka sahihi ya injinia. Injinia ni mie. Nimekataa.

Wilbert kanishangaa. Kwani uongo uko wapi, mbona inasimama? Kwa mikono misafi inasimama.

Misafi. Kasema hivyo mlango uko wazi, Mama Zuena na wenzake sita wenye piko wamesimama pale wanasikia kila kitu. Mie nilitoka nje nikatema mate, basi, ndio ushujaa wangu huo.

Ijumaa, 19 Septemba

Saa nne asubuhi. Wageni saa sita. Naandika hapahapa, meza ya tatu.

Mama Zuena kaja. Shikamoo, marahaba, akaninyooshea mikono. Tangu juzi anaisugua kwa jiki ya kufulia na stilwaya ya sufuria. Piko imetoka. Ngozi nayo imetoka. Katikati ya vidole ni nyama nyekundu, inatoa maji. Anauliza kama sasa itamwona. Kabla sijafungua mdomo keshaiingiza chini ya kamera.

Taa nyekundu. Mashine imesimama.

Wilbert kapiga makofi. Mbona rahisi, anasema. Kaniwekea fomu juu ya korosho, kalamu juu ya fomu, kaenda kubadilisha shati. Nimemwambia Mama Zuena twende zahanati. Hataki. Kakaa hapa pembeni yangu, anapuliza vidole, anaangalia kalamu.

Saini, mwanangu, ananiambia. Wenzangu wako bombani wanamalizia kusugua.